Kunde za Shamba la Juu

9 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Usinitumie tena dawa ya kifua. Kikohozi kiliisha kabla kifurushi hakijafika, na sasa ofisi nzima inanuka mafuta ya karafuu.

Nakuandikia barua kwa sababu ile ile ya siku zote: simu ya nyumbani ni moja, na inakaa mfukoni mwa baba. Najua umekunja uso hapo. Kunja, kisha endelea kusoma.

Nimepewa kazi yangu mwenyewe hapa kituo cha mbegu. Si kuosha vyungu tena wala kuhesabu mbegu za watu wengine. Swali langu ni hili: mmea ulioteswa na kiu, je, watoto wake hukumbuka? Waliotutangulia kwenye kazi hii wanasema mbegu ni kama kitabu. Kiu haifuti herufi hata moja, ila hukunja kona za kurasa. Mtoto akizaliwa anakuta kona zimekunjwa, naye huanza kusoma hapo hapo, kwenye ukurasa wa shida, hata kama yeye amepandwa penye maji tele. Nimelifikiria jambo hili mpaka silali vizuri.

Ili nilipime nahitaji mbegu za aina moja, za mwaka mmoja, za nyumba moja, zilizotofautiana kitu kimoja tu: hizi mama yao alikunywa, zile mama yao hakunywa. Watu huzitafuta mbegu kama hizo miaka na miaka. Sisi tunazo, ziko chini ya kitanda chako. Kunde za mwaka wa kiu, Mama. Za shamba la juu, ambazo baba alizinywesha, na za shamba la chini, zilizoachwa zife.

Bibi alifia chumba cha nyuma akigonga kikombe chake cha bati, na maji yakapanda mlima kwenda kwenye kunde. Siandiki hivi ili kukuumiza. Naandika ili ujue kwamba angalau mara moja maji yale yatafaa kitu.

Msimamizi wangu, ambaye sote tunamwita Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, amenipa mpaka Agosti. Nikishindwa, meza yangu anapewa mwingine.

Nitumie makopo yote mawili. Usiyachanganye.

Mwanao

*

27 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Yale ya kitabu na kona zilizokunjwa nilimsomea jirani mshonaji. Akasema, "Huyu mtoto wako angeolewa mapema asingewaza haya." Nikamwambia anishonee gauni na mdomo wake pamoja.

Makopo yapo. Kwanza nilikuandikia kwamba yameliwa na wadudu. Niliandika hivyo kabisa, nikaisoma, nikaichana. Mimi si mzuri wa kudanganya kwa maandishi.

Baba yako alinikuta nimepiga magoti, makopo mkononi. Akauliza, "Anayataka nani?" Nikamwambia. Alikaa kitandani, viatu vimejaa tope, na unajua nilivyo na tope ndani ya nyumba, lakini siku hiyo nilimwacha. Kisha akayafunga mwenyewe kwa kamba za viatu vyake vya kazi, akaandika kwa mkaa juu ya kila kopo: JUU. CHINI. Akasema, "Mpe. Kunde hazijui kusoma wala kuandika."

Jivu liko ndani bado, na nta ya kwenye kifuniko ni ile ile niliyoiyeyusha mwaka ule. Hayajafunguliwa tangu hapo.

Kila Jumapili baada ya chai baba yako huitoa simu mfukoni, huifuta kwa shati, huiweka mezani katikati, mahali pa bakuli la sukari. Jua likigeuka huirudisha mfukoni. Miaka tisa sasa. Nakuambia tu, sikuombi kitu.

Kuhusu mwaka ule, mwanangu, yaliyopita yamepita. Panda kunde zako.

Mama yako

*

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nilikuwa naishi kitalu nyumba kama mjusi.

Nilipanda mbegu mia kutoka kila kopo. Za JUU zilichipua thelathini na nane, za CHINI hamsini na mbili. Si haba kwa mbegu za miaka tisa. Jivu lako limefanya kazi kuliko friji yetu. Daktari alizishika za JUU kiganjani akasema, "Ndogo hizi. Zimesinyaa. Una hakika mama yao alikunywa?" Nikajibu kwamba udongo wa kule ni wa kichanga. Nilijibu haraka mno.

Zote nimezipa maji sawa, udongo ule ule, vyungu vya ukubwa mmoja. Udongo umelowa, kidole kikiingia kinatoka na tope. Sasa sikiliza. Chini ya jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, sisi tunaviita vinywa. Mmea wenye kiu huvifunga ili usipoteze unyevu. Nabana jani kwenye mashine, mashine inaniambia vinywa viko wazi au la.

Saa nne asubuhi, jua likiwa bado la upole, kunde za shamba la juu zinafunga vinywa. Karibu zote. Mizizi imesimama kwenye maji na jani limekaa kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Za shamba la chini, zile zilizoachwa zife, zinakunywa bila wasiwasi mpaka saa nane, kama watoto wa nyumba isiyojua shida.

Ni kinyume, Mama. Ni kinyume kabisa.

Daktari alikuja akasimama nyuma yangu. "Umebadilisha vibandiko."

"Sijabadilisha."

"Basi aliyekupa mbegu amebadilisha." Akashusha miwani ya kichwani, akaziangalia zile kunde zilizonyamaza. "Mimea haina sababu ya kudanganya, binti. Watu ndio wenye sababu."

Kuna jambo jingine, ni dogo. Pampu ya maji ikiwashwa, bomba la ukutani hugonga. Mara tatu, halafu kimya. Mara tatu. Unajua hugonga kama nini. Nilimwambia fundi wa mabomba, mzee mmoja mcheshi, akaja na kisanduku chake. "Dada, hiyo ni hewa tu ndani ya bomba. Kama ni mzimu, basi ni mzimu uliokosa spana." Akakaza. Likanyamaza siku tatu. Jana limeanza tena. Fundi huyo huyo ndiye anayenicheka kwamba kila glasi ninayokunywa naacha vidole viwili vya maji chini. "Unamwachia nani?" aliniuliza. Bibi alikuwa akiacha hivyo hivyo, unakumbuka? Mimi sikuwahi kukosa maji hata siku moja; mwaka wa kiu nilikuwa shule ya bweni yenye mabomba sita. Lakini koo langu linajua kitu.

Nakuuliza kwa upole: uliyachanganya makopo?

Mwanao

*

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikuyachanganya. JUU ni juu na CHINI ni chini. Labda mashine yenu ni mbovu. Vitu vya ofisi huwa hivyo.

Huku paa la jikoni limepata tundu, upepo umeondoa bati moja. Baba yako alitaka kupanda mwenyewe, nikamwondolea ngazi. Jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Anasema anaona vizuri, kisha anamwamkia mbuzi wa jirani. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Aliniuliza, "Chiriku anasemaje?" Bado anakuita hivyo, ingawa hajasikia mlio wako tangu mazishi.

Usifanye kazi bila kula.

Mama yako

Kikombe cha bati ninacho. Sijui kwa nini nakuambia.

*

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Hukunijibu sawasawa. Umeniambia habari za bati na mbuzi, na mimi nakujua: ukiwa na jambo, unaeleza mbuzi.

Nimerudia kipimo mara mbili. Mara ya pili fundi ndiye aliyebandika vibandiko na mimi nikapima bila kujua kipi ni kipi. Jibu ni lile lile. Saa nne, za JUU zinafunga.

Daktari anataka kila taarifa kwenye daftari iwe na chanzo: nani alisema, lini, alionaje. Jana nilifungua ukurasa wa kwanza kutafuta nani aliniambia kwamba shamba la juu lilinyweshwa. Nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, wino mzuri, mstari umenyooka: "Chanzo: inajulikana."

Inajulikana! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetolewa darasani. Nilichukua hadithi ya nyumbani kwetu nikaiandika kwenye daftari la kazi kana kwamba ni kipimo.

Basi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya zile kunde, nikajiuliza nilichokiona kwa macho yangu. Siku ya mazishi niliona ndoo ukingoni mwa shamba la juu, na udongo umelowa pembeni yake. Nilimwona shangazi akiwa ameshika kiuno katikati ya uwanja. "Mama yangu amekufa midomo imepasuka, na tangi lina kufuli, na ufunguo uko kwako! Maji yamekwenda wapi?" Nilimsikia baba, mbele ya watu wote, hakuinua sauti: "Maji yalikwenda shambani. Ni mimi niliyeyapeleka." Hayo tu ndiyo niliyonayo. Ndoo moja na sentensi mbili. Shamba lenyewe sikuingia. Niliondoka kesho yake bila kumuaga, na kwa ndoo moja na sentensi mbili nimeishi miaka tisa.

Kituo kina fomu inaitwa Historia ya Mbegu. Lazima ijazwe na mkulima na atie sahihi. Bila hiyo, kazi yangu yote ni takataka. Siwezi kumwandikia baba kama baba. Nimemwandikia vingine. Usinicheke.

Mwanao

*

21 Mei

Kwa Mkulima Husika,

YAH: HISTORIA YA MBEGU ZA KUNDE, MAKOPO MAWILI

Tafadhali jaza fomu iliyoambatanishwa kuhusu mashamba yenu mawili katika mwaka wa ukame. Majibu yawe ya kweli na kamili. Kituo hakitatumia taarifa hizi kwa jambo jingine lolote zaidi ya utafiti.

Tunatanguliza shukrani.

Mtafiti Msaidizi

*

10 Juni

Kwa Mtafiti Msaidizi,

Salaam. Fomu nimeipata. Nimejaza kwa herufi kubwa kwa sababu ya jicho.

Shamba la juu lilipata maji? NDIYO.
Shamba la chini lilipata maji? HAPANA.
Nani alimwagilia? MIMI.
Kwa chombo gani? NDOO.
Mara ngapi? KILA ALFAJIRI.
Maelezo mengine: MTAFITI ASIHANGAIKE. MAKOSA YALIKUWA YA MKULIMA PEKE YAKE.

Fomu yenu haina nafasi ya swali la mkulima, kwa hiyo naandika huku pembeni. Huko kwenye nyumba ya vioo, Mtafiti akitoka jasho kisha akatoka nje kwenye upepo, huvaa sweta? Kifua chake tangu utotoni hakipendi upepo. Jibu si la lazima.

Mkulima

*

29 Juni

Mwanangu,

Baba yako alinisomea fomu yako kwa sauti, kisha akanisomea alivyojibu, kisha akalamba bahasha. Nilimtazama akiilamba. Nilimwacha avae kofia aende posta. Nimekaa na aibu hiyo siku kumi na tisa.

Maji hayakupanda. Yalishuka.

Shamba la chini ni langu, unajua. Nyuma ya ua wa mabua nilikuwa na mistari sita, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka ashuke bondeni kabisa. Barua ya shule yako ilikuwa imekuja: bila ada ya mtihani wa mwisho hutakaa kwenye kiti. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na mboga. Mwenye kunde mbichi, hata kapu moja, alikuwa mfalme sokoni. Nikaanza na maji ya kuoshea vyombo. Nikaongeza maji yangu ya kuoga; nilikuwa najifuta kwa kitambaa. Nilitoboa kizibo cha chupa kwa msumari nikawa natonesha kwenye shina, tone, tone, kama mtu anayemnywesha kifaranga. Hayakutosha.

Bibi yako alipimiwa vikombe vinne kwa siku. Ufunguo wa tangi ulikuwa kwa baba yako, naye alikuwa akipima kwa haki, mpaka alikuwa akijipunja mwenyewe. Lakini aliyebeba vikombe kwenda chumba cha nyuma alikuwa mimi. Nikaanza kupeleka vitatu. Mwezi wa tisa nikapeleka viwili.

Sasa nimeandika. Mkono haujakatika.

Daktari wa zahanati alisema ni figo, zilikuwa zimechoka siku nyingi. Labda. Mimi sina mashine ya kubana jani.

Ulipokuja likizo fupi ulisikia anagonga kikombe ukadhani anaomba. Siku nyingine alikuwa anaomba. Siku nyingine alikuwa ananiita nikachukue alichobakiza. Alikuwa anaacha vidole viwili chini ya kikombe, ananiambia, "Peleka chini, kwa yule msomi." Alijua, mwanangu. Naapa alijua. Au nimejiambia hivyo miaka tisa mpaka imekuwa kweli. Sijui tena ni siku ngapi alikuwa anaomba na siku ngapi alikuwa anatoa. Mlio ulikuwa ule ule.

Asubuhi alipofariki, baba yako aliikuta chupa yenye kizibo cha matundu chini ya meza ya jikoni. Akaigeuzageuza. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Ndugu zake walikuwa njiani. Nikamwambia, "Nitawaambia mimi." Akasema, "Wewe ni mke wa kuja. Mimi nimetoka tumboni mwake. Mtoto hutukanwa mazishini kisha husamehewa. Mkwe hasamehewi." Akachukua ndoo, akapanda. Ule udongo uliolowa ukingoni aliulowesha yeye, asubuhi ile, kwa maji ya kunawia. Shamba lake la juu halikupata hata tone. Alivuna kopo moja la mbegu zilizosinyaa kama uso wa mzee.

Nami nikanyamaza. Tulidhani utamsamehe kabla mwaka haujaisha, tuendelee na maisha. Hatukujua una shingo ngumu ya ukoo wake. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Na ulikuwa unaniandikia mimi, mwanangu. Kila barua, "Mama mpendwa." Niliogopa kuzipoteza barua. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, zaidi ya shangazi zako wote.

Nimejaza fomu nyingine, mshonaji alininakilia kutoka ile ya kwanza kabla haijaondoka. Sahihi ni yangu. Mpe huyo mwenye miwani mbili. Baba yako hajui.

Mama yako

*

20 Julai

Mwanangu,

Hujajibu.

Sikulaumu. Nakujulisha tu kwamba nimemwambia baba yako nilichofanya. Alikasirika, akaenda kukaa kwenye shamba la juu mpaka njaa ikamrudisha. Amesema neno moja tu: "Sasa Chiriku hana mtu."

Bati limetengenezwa.

Mama

*

3 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Hii ni barua ya tano. Ya kwanza ilianza na "Ndugu Mkulima" nikashindwa kuendelea. Ya pili ilikuwa ya hasira, ya tatu ilikuwa ya machozi, na ya nne niliimwagia maji kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya.

Navaa sweta. La kijivu, lina tundu kwenye kiwiko.

Nilimpelekea Daktari fomu zote mbili, yako na ya mama. Alizisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, akasoma tena. Akauliza, "Una hakika unataka hii iingie kwenye kumbukumbu za kituo? Unaweza kusema vibandiko vilichanganyika njiani. Hakuna atakayeuliza." Nilitamani. Nilifikiri jinsi ulivyoulowesha udongo ule kwa maji ya kunawia, jinsi kazi nzuri inavyofanyika kwa dakika mbili na kudumu miaka tisa. Nikamwambia hapana. Nilifuta lile neno "inajulikana" na kuandika upya, kwa wino: Shamba la juu halikupata maji. Shamba la chini lilipata. Aliyemwagilia: mama wa mtafiti. Aliyefaidika: mtafiti.

Meza yangu nimeachiwa. Sijui kama nimefurahi.

Nataka nikueleze kuhusu kunde zako, kwa sababu ni zako na hakuna aliyekueleza. Zile za kopo la JUU nilizilea hapa bila kuzinyima maji hata siku moja, zikazaa. Mei nikawapanda watoto wao. Hawa ni wajukuu wa mwaka wa kiu. Wao hawajui ukame, na mama yao hakuujua. Nimepima mimea ishirini. Kumi na miwili imesahau. Inakunywa hadi mchana bila habari. Minane bado inafunga saa nne. Udongo umelowa, jua ni la upole, hakuna kinachoitisha, nayo inafunga. Nasimama mbele yake nikiwa na mashine mkononi na sijui inasikia nini.

Mimi nilidhani ni mmoja wao. Niliacha vidole viwili kwenye kila glasi nikijiona nimerithi kiu ya bibi. Sikurithi kiu, Baba. Nilirithi maji. Mimi ni wa shamba la chini. Wewe ndiye uliyekaushwa.

Bado nina hasira nawe, lakini si ile ya zamani. Ulinipa mtu wa kumchukia ili nisilazimike kujua nilikalia kiti kwa maji ya nani. Hukuniuliza. Mama hakuniuliza. Bibi, kama ni kweli, hakuniuliza. Mlinimwagilia wote watatu, gizani, nyuma ya ua wa mabua, na hakuna aliyeniambia. Mama bado sijamjibu. Mwambie kalamu ipo, ni mkono tu unaosubiri.

Bomba la ukutani linagonga bado. Mara tatu. Fundi amekata tamaa, anasema abadilishiwe jengo zima. Nimemwambia aliache. Likigonga nasimama nasikiliza kama linaomba au linatoa. Mlio ni ule ule, mama amesema kweli.

Jumapili baada ya chai iweke simu mezani kama kawaida, mahali pa bakuli la sukari. Ikilia, usimpe mama. Pokea wewe. Sijui nitasema nini; huenda koo likafunga, na ukasikia pumzi tu.

Usikate.

Chiriku